Nabongo Mumia, mwenyeji wa misafara ya pwani

Mwanafunzi wa kidato cha tatu, awe amekaa darasani Malaba, Busia, Kisauni ama Lamu, hukutana na Nabongo Mumia kwa mlango mmoja tu. Katika somo la Historia na Serikali kuna mada ya jinsi jamii za Kenya zilivyoupokea ukoloni. Upande mmoja wamepangwa waliopigana: Wanandi, Wabukusu, Wagiriama wa Mekatilili wa Menza. Upande wa pili wamepangwa walioshirikiana na Mwingereza: Wamasai wa Lenana na Wawanga wa Mumia. Mwalimu anaandika ubaoni sababu za Mumia kushirikiana, kisha matokeo yake. Wanafunzi wananakili na kukariri, na mtihani ukija kila hoja ina alama yake. Mtu aliyekalia kiti cha babu zake zaidi ya miaka 60 anaishia hapo.

Naandika habari zake kwa wasomaji wa pwani kwa sababu maisha yake yameshikana na yetu kuliko tunavyofundishwa. Misafara iliyotoka Mombasa, Pangani na Tanga ilipumzikia kwake. Kanzu aliyovaa, dini aliyoifuata uzeeni, bunduki za kwanza zilizoingia bomani mwake, hata jina la mji wake, vyote vina mkono wa pwani ndani yake. Na sehemu ya uchungu walio nao majirani zake mpaka leo ina mkono huohuo. Mtoto wa Malaba hafundishwi hilo, na mtoto wa Mombasa hafundishwi pia.

Kwanza tujue mahali. Mji wa Mumias, ambao wenyewe waliuita Elureko, uko karibu na mto Nzoia, na leo ni sehemu ya kaunti ya Kakamega. Ukielekea magharibi unaingia kaunti ya Busia: Nambale, Butula, Matayos, halafu mji wenyewe wa Busia ulio mpakani na Uganda, katika nchi ya Wakhayo. Ukipanda kaskazini unafika Amukura, Amagoro na Malaba, nchi ya Wateso. Kusini kuna Wasamia wa Funyula na Wanyala wa Budalangi. Madereva wetu wa malori wanaijua Malaba vizuri kuliko walimu wengi wa historia, maana wamelala pale kwenye foleni usiku baada ya usiku wakisubiri kuvuka. Lakini wengi wao hawajui kwamba babu zao walipita njia zinazokaribiana na hizo kwa miguu, na mzigo wa pembe kichwani.

Mumia alizaliwa katikati ya karne ya 19, mwana wa Nabongo Shiundu, katika ukoo wa Abashitsetse ambao ndio ukoo wa utawala wa Wawanga. Nabongo ni cheo, kama vile tungesema mfalme au sultani. Vitabu vya shule hupenda kuueleza ufalme wa Wanga kama dola kubwa iliyotawala magharibi yote ya Kenya kabla ya Mzungu kufika. Hapo pana chumvi nyingi. Ufalme ulikuwapo, na taratibu zake zilikuwapo, lakini Wabukusu walikuwa na wazee wao na maboma yao, Wakhayo na Wamarachi na wao, na Wateso hawakuwa chini ya nabongo yeyote. Ukubwa ule unaosemwa uliletwa baadaye, kwa kalamu ya serikali ya kikoloni. Nitalirudia jambo hili, kwa maana ndilo linalomgusa mwanafunzi wa Busia.

Shiundu alifariki yapata mwaka 1882, Mumia akashika kiti. Hakurithi nchi tulivu. Waluo wa Ugenya walikuwa wakisukuma kutoka kusini, na vita vyao na Wawanga vilikuwa vya muda mrefu. Wateso walikuwa wameshatoka upande ambao leo ni Uganda na kuingia maeneo ya Amukura na Malaba, wakichukua malisho na mashamba. Wabukusu walikuwa kaskazini na mashariki, wengi na wakali. Wawanga walikuwa wachache. Kwa ajili hiyo walikuwa na desturi ya kuwakaribisha wageni wenye silaha na kuwapa mahali pa kukaa. Wamasai wa Uasin Gishu waliovunjwa na vita vya Wamasai kwa Wamasai walipata hifadhi kwao, nao wakalipa hifadhi hiyo kwa mikuki. Mtu wa pwani alipofika na gobori lake, Wawanga walikuwa na mahali tayari pa kumweka: mgeni wa kulishwa, na wa kutumiwa.

Na misafara ilikuwa imeshafika tangu zama za Shiundu. Watu wa pwani waliita pale Kwa Shiundu, kama vile sisi tunavyosema kwa fulani. Mumia alipotawala pakawa Kwa Mumia. Waingereza walipokuja waliichukua ile kwa yetu na kuigeuza kuwa herufi ya umiliki ya lugha yao, wakaandika jina la Mumia na kulitia s mwishoni. Ndiyo ile s inayoning'inia kwenye jina la Mumias mpaka leo. Ukiwaambia wanafunzi kwamba jina la mji ule ni Kiswahili kilichovalishwa kofia ya Kiingereza, watacheka, lakini hawatalisahau.

Kwa nini pale na si kwingine? Kwa sababu ya chakula. Msafara ukitoka pwani hupita nyika ya Taru, ukapita nchi kavu za Wamasai, ukafika Naivasha au Baringo umechoka na umepungua watu. Ukishuka Kwa Mumia unakuta nafaka, kuku, viazi na maziwa, na bei yake ni ushanga kidogo au kipande cha nguo ya merikani. Wapagazi walinenepa pale. Wengine walikaa miezi, wakaoa, wakajenga. Wakasafiri kutoka pale kwenda kuwinda na kununua pembe kuzunguka mlima Elgon, na wakirudi walirudia palepale. Kukawa na mtaa wa Waswahili kabla hakujakuwa na mtaa wa serikali.

Biashara ile haikuwa ya pembe peke yake. Kulikuwa na watumwa, na kulikuwa na uvamizi wa vijiji, hasa kwa Wabukusu, ambao misafara iliwaita Wakitosh. Mskoti Joseph Thomson, aliyefika Kwa Shiundu mwisho wa 1883 na kukuta mwenyewe Shiundu amekufa karibuni na mwanawe ametawala, alisikia habari za umwagaji damu huo na akauandika. Mzungu alikuwa na sababu zake za kutusema vibaya, hilo twalijua. Lakini kumbukumbu za Wabukusu wenyewe zinasema hivyohivyo, na wao hawakusoma kitabu cha Thomson. Sioni faida ya kulificha. Tukitaka watoto wa Busia na Bungoma wajue kwamba pwani ilileta kanzu, hesabu na Kurani, na wajue pia ilileta nini kingine.

Miaka michache iliyofuata boma la Mumia lilikuwa njia panda ya mambo makubwa, na nashangaa kwamba darasani hupitwa haraka. Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliondoka Rabai na msafara mkubwa, akapita nchi ya Wamasai, akafika Kwa Mumia mwezi wa Oktoba. Pale aliacha watu wengi wa msafara wake chini ya William Jones, kasisi Mwafrika wa jamii ya Frere Town na Rabai, mtu aliyekuwa mtumwa utotoni akakombolewa. Hannington akaendelea na watu wapatao 50. Mwisho wa mwezi huo aliuawa Busoga, na wengi wa aliokuwa nao wakauawa pia, kwa amri iliyotoka kwa Kabaka Mwanga. Wachache walioponyoka walirudi Kwa Mumia na habari. Ni Jones aliyekusanya watu waliosalia na kuwarudisha Rabai kwa miguu, wakafika Februari 1886. Familia za Rabai na Kisauni zilizolia mwezi ule bado zina vizazi. Mabaki ya Hannington yaliwekwa Mumias kwa muda kabla ya kupelekwa na kuzikwa Namirembe mwisho wa 1892.

Mwaka 1889 akaja Frederick Jackson wa kampuni ya Imperial British East Africa. Alitwaa mapatano na Mumia na kumkabidhi bendera ya kampuni, kisha akaenda kuwinda ndovu upande wa Elgon. Alipokuwa huko, barua za Kabaka Mwanga kwake zikafika Kwa Mumia. Mapema 1890 akatokea Mjerumani Carl Peters, mtu yule aliyechukua mikataba ya ujanja Tanganyika, akafungua barua zisizokuwa zake, akazisoma, akakimbia Buganda kumtia Mwanga sahihi kabla ya Mwingereza. Julai mwaka huohuo Berlin na London wakamaliza mambo kwa makaratasi, Uganda ikawa ya Mwingereza, na safari ya Peters ikawa bure. Mumia hakuulizwa lolote. Lakini alikuwa amewaona kwa macho yake Waingereza na Wajerumani wakikimbizana kwa ajili ya nchi zilizo mbele ya mlango wake, na mtu mwenye akili hujifunza kwa kuona hivyo.

Hapa ndipo ninapotofautiana na orodha ya ubaoni. Huandikwa kwamba Mumia alishirikiana kwa sababu aliogopa nguvu za Mwingereza, au alitaka kuendeleza enzi yake, au alitaka silaha za kupambana na maadui. Yote hayo ni kweli, ila yamepangwa kama kwamba siku moja aliamka akapiga hesabu na kuchagua. Tazama mpangilio wa maisha yake. Aliwapokea Wamasai kama babu zake walivyofanya. Aliwapokea Waarabu na Waswahili kama baba yake alivyofanya. Akampokea Mwingereza vivyo hivyo, akiwa mgeni mwingine mwenye bunduki, atakayelishwa, atakayesaidia vita vya Ugenya, na siku moja ataondoka. Wageni wote waliotangulia waliondoka au waligeuka kuwa watu wa pale. Huyu wa mwisho hakuondoka wala hakugeuka. Mumia alikosea kumsoma mgeni, kama walivyokosea masultani wengi, hata wetu.

Njia ikafunguliwa. Kuanzia 1890 ilitengenezwa barabara ya magari ya ng'ombe iliyokuja kuitwa ya Mackinnon na Sclater, karibu kilomita 970 kutoka Mombasa kupitia Kibwezi hadi Busia. Naomba msomaji arudie kusoma sentensi hiyo. Kabla ya reli, kabla ya lami, kabla ya kontena la kwanza kushushwa Kilindini, tayari Mombasa na Busia zilikuwa ncha mbili za barabara moja.

Uganda ilitangazwa kuwa himaya ya Uingereza mwaka 1894, na mwaka 1895 C. W. Hobley akaja kukaa Mumias kama ofisa wa serikali. Mwaka huohuo ukawa vita na Wabukusu. Chanzo chake kilikuwa bunduki: Wabukusu walikuwa nazo, nyingine za misafara na nyingine za askari watoro, serikali ikazitaka, wao wakakataa na kuwaua askari waliotumwa kuzichukua. Hobley alikusanya askari wa Kisudani, Waganda na wapiganaji wa Wanga, wakavunja ngome ya Lumboka kisha ya Chetambe. Walikufa wengi, ng'ombe wakachukuliwa, wanawake na watoto wakachukuliwa. Sehemu ya Chetambe, karibu na Webuye, inajulikana na kila mtoto wa Bungoma. Baadaye kidogo ikafuata zamu ya Ugenya, na vita ambavyo Wawanga walikuwa wakishindwa kwa miaka vikageuka upande wao kwa risasi za mwingine.

Kutoka hapo nguvu ya Mumia ilipanda haraka. Elureko ikawa makao ya serikali kwa eneo lote lililoitwa Kavirondo ya Kaskazini. Maofisa walikuwa wachache, hawakujua lugha, na walikuwa wamezoea kuona Buganda yenye kabaka na machifu wake. Wakatafuta kabaka mwingine na wakampata Mumia, na pale ambapo hakuwa mkubwa wakamfanya mkubwa. Mwaka 1909 alitambuliwa kuwa chifu mkuu wa Kavirondo ya Kaskazini. Ndugu zake na watu wake wakatumwa kutawala wasiokuwa Wawanga. Mulama akapewa Marama. Murunga akapelekwa kwa Wabukusu wa Kimilili. Wakhayo, Wamarachi na Wateso nao wakajikuta chini ya machifu na maajenti waliotoka Uwanga, watu waliokusanya kodi ya nyumba, waliotoa vijana wa kutengeneza barabara, na waliotoa wapagazi wakati wa vita vya 1914 hadi 1918. Wapagazi hao ndio waliofia vichakani Tanganyika, na jina lao, Kariakoo, linajulikana Mombasa na Dar es Salaam.

Niliwahi kufanya kazi ya kibiashara Busia kwa miezi kadhaa, na nilichojifunza pale si kutoka kitabuni. Ukiwa Mumias ukimtaja nabongo watu hukaa vizuri kwenye viti. Ukivuka ukafika kwa wazee wa Kikhayo, au ukakaa kinyozi Malaba na watu wa Kiteso, jina lilelile linaleta kimya kidogo, kisha habari za ng'ombe waliochukuliwa na wazee waliochapwa mbele ya wakwe zao. Hawamwiti mshirika wa wakoloni. Kwao yeye ndiye mkoloni waliyemwona kwa uso. Mzungu alikuwa mbali. Kumbukumbu hiyo haimo katika orodha ya alama, wala ile ya Mumias haimo. Kuna neno moja tu la Kiingereza ambalo mwanafunzi hulikariri, na katika Kiswahili neno hilo laweza kuwa mshirika, laweza kuwa kibaraka, laweza kuwa msaliti. Sisi tungelazimika kuchagua, na tungeanza kubishana. Kwa lugha ya mtihani hakuna anayebishana.

Na kuna habari ya mpaka, ambayo ingepaswa kuwa somo la kwanza kwa kila shule ya Malaba. Mpaka mwanzo wa 1902 Mumia alikuwa mtu wa Uganda. Busia, Malaba, Mumias na hata Kisumu zilikuwa katika mkoa wa mashariki wa Uganda, na mpaka wake ulikuwa huko karibu na Naivasha. Reli ilikuwa imefika Kisumu Desemba 1901, na serikali ya London ikaona ni afadhali reli yote iwe chini ya utawala mmoja. Tarehe 1 Aprili 1902 mkoa ule ukahamishiwa upande ambao leo ni Kenya. Mumia hakuhama, nchi ndiyo iliyohama. Mstari ukachorwa kufuata mto Sio na mto Malaba na kupanda Elgon, na Wateso wakabaki nusu huku na nusu kule, Wasamia vilevile. Mtoto wa Malaba anayevuka kwenda kumtembelea shangazi yake upande wa Tororo anavuka mstari uliochorwa kwa ajili ya tiketi za treni. Sijui ni mwalimu gani angekosa la kusema na darasa kuhusu hilo, tena mto wenyewe unaonekana.

Sasa nije kwenye dini, ambayo vitabu vya shule huigusa kwa nusu sentensi. Mumia alisilimu, akaitwa Muhammad, na ndugu zake kadhaa na watu wengi wa nyumba yake wakasilimu pia. Haikuwa kwa upanga, wala haikuwa kwa Mwarabu mmoja mwenye kitabu. Ilikuwa ni miaka mingi ya kuishi na wageni wa pwani, kuwaona wakisali, kula nao, kuozana nao, na kutumia waandishi wao. Mumias ikawa kitovu cha Uislamu magharibi mwa Kenya, na msikiti wake wa Ijumaa ukawa mama wa misikiti mingine. Waislamu wa Busia na Malaba wana mizizi yao huko kwa kiasi kikubwa. Aliendelea na wake wengi na aliendelea na mila za kiti chake, hivyo wenye ukali wa fikihi watakuwa na la kusema. Mimi namwombea rehema na kumwachia Mola wake hesabu yake.

Lakini kulikuwa na gharama. Mwanzo wa karne ya 20 wamisheni walifika: Waquaker wakajenga Kaimosi mwaka 1902, mapadri wa Mill Hill wakaja Mumias kwenyewe, Waanglikana wakafungua Maseno mwaka 1906. Shule zikawa zao. Waislamu wengi wa Mumias, kama Waislamu wengi wa pwani wakati uleule, hawakutaka kupeleka watoto mahali ambapo kusoma kulikwenda pamoja na kubatizwa. Uamuzi huo nauelewa kabisa. Baada ya miaka 20 vijana waliotoka shule zile, Wabukusu, Wamarachi, Wateso na wengineo, walikuwa wanajua kuandika barua kwa mkuu wa wilaya, na barua walizoandika zilikuwa za kutaka machifu wa Wanga waondolewe na wawekwe watu wao. Kalamu iliyomng'oa Mumia ilitoka darasani. Wale wasiopenda kusikia kwamba elimu ni siasa na wamtazame yeye.

Mwaka 1920 serikali ilihamisha makao yake kutoka Mumias kwenda Kakamega. Safari ya kilomita chache, lakini kwa mji ambao misafara yote ya magharibi ilikuwa ikiupitia, ilikuwa kama bandari kuhamishwa. Reli ya kwanza ilikuwa imeshaipita mbali, ikaishia Kisumu. Reli ya pili, ile iliyotoka Nakuru kupitia Eldoret na Malaba hadi kufika Kampala mwaka 1931, nayo ikapita kaskazini. Malaba ikapata stesheni na ikaanza kuwa Malaba tunayoijua. Mumias ikabaki na msikiti wake, soko lake na mzee wake.

Mwaka 1926 mzee huyo alistaafishwa uchifu mkuu. Cheo cha nabongo hakuna serikali iliyoweza kumvua, akaendelea kuwa nabongo kwa watu wake. Mmoja baada ya mwingine machifu wa Wanga walioko nje ya Uwanga walipungua, na watu wa Busia na Teso wakapata machifu wa kwao. Miaka ya 1930, dhahabu ilipopatikana Kakamega na watu wakaogopa kunyang'anywa ardhi, baadhi ya wasomi walewale waliotoka mashule ya wamisheni walianza kudai Waluhya wawe na chifu mkuu mmoja wa kuwasemea, na jina lililokuwa karibu ni lake. Serikali iliyomkuza mwenyewe ikakataa. Hapo utaona ajabu ya dunia: wakoloni walimtaka akiwa na nguvu ya kuwapa, na watu walimtaka akiwa hana nguvu tena.

Nabongo Mumia alifariki tarehe 24 Aprili 1949, akiwa mzee sana, karibu na miaka 100 kwa hesabu ya wengi. Alizaliwa kabla ya Mzungu yeyote kuiona nchi yake, akafa miaka 14 tu kabla ya uhuru. Alikuwa amewaona Thomson, Hannington, Jackson, Peters na Hobley wakiingia mlango mmoja, na wapagazi wa Kimrima, Kinyamwezi na Kimvita wakiwabebea mizigo.

Mwalimu wa Malaba au Busia ana hazina isiyopatikana Nairobi. Katika darasa lake la watoto 50 mna Mteso, Mkhayo, Msamia, Mwanga, Mluo, Mbukusu, na pengine mtoto wa dereva au wa mfanyabiashara aliyetoka Mombasa. Kidato cha kwanza watoto hao walifundishwa kwamba masimulizi ya wazee ni chanzo cha historia, na wanajibu mtihani kuhusu faida zake na upungufu wake. Kisha wanakwenda nyumbani, babu amekaa chini ya mwembe, na hakuna aliyewaambia wamuulize kitu. Kama kila mmoja angerudi Jumatatu na habari moja aliyoisikia kwao kuhusu Wanga, darasa lingekuwa na Mumia saba, na kazi ya mwalimu ingekuwa kuwasaidia kuuliza kwa nini hawafanani. Kazi hiyo inataka vipindi viwili, labda vitatu. Walimu watasema silabasi ni ndefu, na kweli ni ndefu. Hata hivyo mtoto aliyefanya hivyo hahitaji kukariri hoja tano, kwa sababu anazijua na anajua zaidi. Mtaala mpya wa umilisi unadai kupenda mambo ya namna hii, kuanzia mazingira ya mtoto mwenyewe. Tutaona kama karatasi ya mtihani nayo itayapenda.

Nje kidogo ya mji wa Mumias kuna kituo cha utamaduni cha Nabongo, chenye vitu vya enzi hiyo na maelezo ya watawala. Basi la shule likitoka Busia asubuhi linarudi kabla ya magharibi. Ningependa waende na watoto wa Kiteso, na watoto hao waruhusiwe kumuuliza mwenyeji yale wanayosikia kwao.

Upande wetu wa pwani, mada inayofundishwa ni biashara ya misafara, na humo Kavirondo ni neno katika ramani. Jumbe Kimameta wa Pangani, aliyeandamana na Thomson katika nchi za Wamasai, hatajwi kabisa, na mtaa wa Waswahili wa Mumias hatuulizi ulijengwa na akina nani. Ziko familia Mombasa, Vanga, Tanga na Pangani ambazo zina babu aliyekwenda bara na hakurudi, au aliyerudi na mke aliyezungumza Kiwanga. Ziko nyumba zenye barua za hati za Kiarabu kwenye sanduku ambalo halijafunguliwa tangu bibi afariki. Mwenye jina, na aliandike na amwambie mwalimu wa historia wa shule iliyo karibu naye. Yule wa Malaba analo jina la upande wa pili.